Bei ya Bunduki ya Mzee Kimya

Watu wa mtaa ule walimwita Bi Kimya kwa sababu ya mumewe, wala si kwa sababu yake mwenyewe. Yeye alikuwa mwingi wa maneno, tena maneno matamu, na foleni ya maji iwe ndefu kiasi gani, akisimama yeye watu hawakuuona urefu wake. Aliyekuwa kimya ni mumewe, Mzee Kimya, mwindaji, mtu aliyeweza kutoka alfajiri na kurudi jua linazama akiwa ametumia maneno yasiyojaza kiganja.

"Mungu alitupa ulimi mmoja wa kugawana," Bi Kimya alizoea kusema. "Mwenzangu akaniachia nikae nao mimi."

Kazi yake ilikuwa ufuaji. Miaka yake yote ya nguvu aliimalizia katika chumba cha kufulia cha hospitali, kati ya masinki ya saruji na mvuke wa maji ya moto, akifua mashuka ya wagonjwa na makoti ya madaktari. Doa aliliona kama mtu anavyomwona nyoka ndani ya nyumba: hakai chini mpaka litoke. Wenzake walimtania kwamba siku akiitwa kwa Mola wake, kabla ya kusomewa amali zake atawauliza malaika nguo zao zinafuliwa na nani. Alicheka sana, akaendelea kusugua.

Mzee Kimya alipofariki, Mungu amlaze pema, aliacha nyumba, redio, jozi ya buti na bunduki. Bunduki ile ilikuwa ya kuwindia, ya zamani, ile aina ya kuvuta komeo kwa mkono kila unapotaka kupiga. Ilitengenezwa ng'ambo kabla yeye na mkewe hawajazaliwa. Alipewa na mwenye shamba mmoja aliyemwajiri kuwafukuza nguruwe mwitu, siku bwana yule alipouacha ukulima. Hakumpa shukrani kwa maneno. Alimshikisha bunduki mkononi, wakaenda wote wawili kubadilisha leseni, wakarudi bila kuzungumza. Mkimya alikuwa amekutana na mkimya mwenzake.

Tangu hapo Mzee Kimya alikuwa mtu wa mashamba. Nguruwe wakiingia kwenye mihogo, anaitwa. Chui akianza kuzoea zizi la mbuzi, anaitwa. Na kila aliporudi kulikuwa na jambo moja lililofanyika mlangoni, ambalo Bi Kimya aliliweka siku ile ile bunduki ilipoingia katika maisha yao. Alisema wazi: ndani ya nyumba yenye watoto wangu, chuma hicho hakivuki kizingiti kabla sijakiona tumbo lake. Basi Mzee Kimya husimama nje, na vumbi lake, na njaa yake, akavuta komeo na kumwonyesha mkewe chemba, pale inapokaa risasi, ilivyo tupu.

"Tazama."

"Nimetazama."

Hapo ndipo huingia, ndipo husalimiwa, ndipo watoto humrukia. Siku nyingine hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi. Bi Kimya alisema wanawake wengine huitwa mpenzi, yeye aliitwa tazama, na hakuona kwamba amepunjwa.

Sasa leseni ya bunduki ni ya mtu. Mtu akiondoka, nayo imekufa. Mkuu wa kituo cha polisi, kijana mwenye adabu, alimweleza mjane kwa upole. Anaruhusiwa kukaa nayo kwa muda, imefungiwa sandukuni, huku akitafuta mnunuzi mwenye leseni yake. Kwanza apate hati ya makadirio kutoka kwa fundi bunduki, ijulikane inafaa kuuzwa na kwa bei gani. Mwezi ukiisha mnunuzi hajapatikana, irudishwe kituoni, na zile zinazorudishwa hukatwa.

"Hukatwa vipi, mwanangu?"

"Kwa msumeno wa umeme, mama. Vipande vipande. Halafu chuma chakavu."

Bi Kimya alishika kifua kama aliyeambiwa habari ya msiba.

Alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akaitoa bunduki na kuilaza mezani juu ya shuka kuukuu. Mchana mweupe ulikuwa ukiingia dirishani, na kwa mara ya kwanza aliitazama kwa jicho la kazi yake. Alilotaka ni moja tu, isikatwe. Ili isikatwe lazima apatikane mtu wa kuipenda, na nani atapenda kitu kama hiki? Mbao ya kitako imepigwa mikwaruzo. Mahali pa kushika pamekuwa peusi, pana utando kama wa mpini wa jembe. Mtutu umefifia kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Aibu," alisema peke yake. "Utakwendaje mbele za watu hivi?"

Akamwita mdogo wake, seremala. Huyu alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayetembea na penseli sikioni hata akienda ibadani. Aliizunguka meza mara mbili, akapuliza hewa mashavuni.

"Dada, shemeji alikuwa mtu mzuri, lakini usafi ulikuwa haumhusu."

"Usimseme marehemu. Utaweza?"

"Nitaweza? Mimi niliyetengeneza kabati la yule bwana harusi mpaka bibi harusi akasahau kumtazama bwana? Nipe siku chache. Hii utaichukua na miwani, maana itakuumiza macho."

Akapiga msasa. Mikwaruzo yote ikaondoka. Chale ndogo zilizokuwa ubavuni mwa kitako akazijaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Kisha akapaka vanishi, ikakauka, akapaka tena, na tena. Bi Kimya naye hakukaa bure. Alichukua waya wa kusugulia masufuria na majivu laini, akaushughulikia mtutu kama alivyokuwa akizishughulikia beseni za chumba cha upasuaji, mpaka weusi wote ukatoka na chuma kikawa cheupe kama kijiko. Alisugua huku akiimba, na kwa kweli alikuwa na furaha. Tangu msiba hakuwa amepata kitu cha kumfanyia mumewe.

Duka la fundi bunduki lilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya nondo, kati ya kinyozi na mwuza vitabu vya shule. Mbele aliuza ndoano na nyavu za kuvulia samaki. Kazi yenyewe ilikuwa nyuma, kwenye meza nzito yenye jiriwa ya kubania chuma, chini ya dirisha. Kulinukia mafuta. Fundi alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alikuwa akimfahamu Mzee Kimya tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

"Karibu, shemeji," alisema. "Karibu. Nilikuwa nikijiuliza utakuja lini. Na huyu?"

"Ndugu yangu. Fundi seremala."

"Fundi kwa fundi. Karibu, bwana."

Askari aliyetumwa na kituo kuwasindikiza alibaki mlangoni akila karanga. Bi Kimya akaweka mzigo mezani, akalifungua blanketi kwa madaha kidogo, kama anayefunua chakula cha wageni. Seremala akajisogeza pembeni ili mwanga wa dirisha uipate vizuri vanishi yake.



Fundi alivaa miwani. Akapitisha kidole juu ya mtutu, akakitazama kidole. Akageuza kitako upande huu na upande ule. Akasoma namba kwa kioo cha kukuzia. Seremala alikuwa amekwisha kutayarisha uso wa kupokea sifa, na alikaa nao mpaka ukaanza kumchosha.

"Nani ameiosha hivi?" fundi akauliza.

"Mimi," akasema Bi Kimya.

"Na mbao ni mimi," akasema seremala. "Mikono mitatu ya vanishi. Si kazi ya kulipua, mzee wangu."

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Shemeji, sitakuficha. Bunduki za namna hii zina watu wake. Wako wenye uwezo wanaozikusanya, wanaziweka kwenye makabati ya kioo. Mimi huwauzia mara moja moja. Hii niliitolea macho tangu zamani. Nilimwambia mzee mwenzangu, ukiichoka nijue mimi kwanza. Watu wale hawanunui bunduki, wananunua uzee wake. Ule weusi wa mtutu ni rangi ya kiwandani, haupakwi tena ukawa ule. Ule utando wa mbao ni mikono. Zile chale..." Akapapasa pale zilipokuwa. "Ungeniletea kabla ya msasa na majivu, ningekuandikia bei ya ng'ombe sita wa maziwa. Leo, kwa hao wa makabati, sina cha kuandika. Hawataigusa."

Seremala aligeuka kumtazama dada yake. Penseli ikamdondoka sikioni naye asiiokote.

"Chale zile zilikuwa za nini?" Bi Kimya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hukuwahi kumwuliza?"

"Nilimwuliza. Si unamjua? Aliguna."

"Aliniambia mimi, siku moja mvua imetufungia humu. Kwa kila mtoto wenu alitia moja. Na ile iliyo peke yake, chini, ni ya yule mliyemzika mchanga."

Bi Kimya aliketi kwenye stuli. Aliitazama mikono yake, mikono iliyotakasa vitu maisha yake yote. Ulimi waliogawiwa wawili ulimwishia. Kwa msasa wa ndugu yake na majivu yake mwenyewe alikuwa ameiondoa ile mikono ya mumewe, mtu mwenyewe, kiganja chake, jasho la miaka yote ile, akalimwaga uani na maji machafu, tena akiimba.

"Dada," seremala alinong'ona, "kosa ni langu. Ningejua mimi..."

"Nilikuagiza mimi," alisema. "Nyamaza kwanza."

Fundi aliona kwamba amesema mengi kwa mkupuo mmoja, naye hakuwa mtu mkatili. Akaichukua tena bunduki. "Hatujamaliza," alisema. "Nimetazama ngozi tu." Akavuta komeo, na kwa desturi ya mafundi wa kazi ile, iliyofanana na ile ya mlangoni kwa Bi Kimya, akaielekeza chemba kwa aliye karibu naye.

"Tazama."

"Nimetazama," Bi Kimya akajibu kabla hajajua kwamba amejibu.

Fundi akalitoa komeo lote, akaweka kipande cha karatasi nyeupe pale lilipokuwa, akauelekeza mdomo wa mtutu kwake na kuchungulia ndani, karatasi ikipata mwanga wa dirisha. Akakaa hivyo. Akasogea, akachungulia tena. Kisha akacheka kidogo kupitia puani.

"Njoo uone, shemeji."

"Mimi? Nione nini?"

"Njoo tu. Weka jicho hapa."

Miaka yote ile Bi Kimya hakuwahi kuchungulia ndani ya mtutu. Nani atachungulia humo mwenye akili zake? Aliinama, akafumba jicho moja, akashika meza. Mwanzoni aliona giza, kisha ikawa kama anatazama ndani ya kisima kilicholala, kisima cha nuru. Kuta zake ziling'aa kama kioo, na juu yake kulikuwa na mistari myembamba inayozunguka, inayozunguka, mpaka kwenye duara jeupe la mwisho. Hapakuwa na kutu. Hapakuwa na doa hata moja, naye ndiye mtu wa kuliona kama lingekuwepo.

"Hii ni kazi ya nani?" aliuliza.

"Ya mumeo. Mtutu wa umri huu huwa umekwisha kuliwa ndani kama jino bovu. Huu ni mzima. Alikuwa akiusafisha kila akirudi, siyo?"

Ndiyo. Hilo alilijua. Baada ya chakula, watoto wamelala chali mkekani, yeye huketi kwenye kigoda karibu na taa na ule ufito wake mrefu wa shaba, akipitisha kitambaa kimoja baada ya kingine, akikitazama kila kimoja kwenye mwanga. Vitambaa alikata yeye Bi Kimya, kutoka kwenye mashuka ya hospitali yaliyochakaa ambayo wafuaji waliruhusiwa kuyachukua. Yeye akisimulia habari za kutwa nzima, nani kagombana na nani kwenye masinki, msimamizi kavaa viatu gani. Mzee akipitisha kitambaa chake, akiguna mahali pa kuguna. Kitambaa kikitoka cheupe, anakikunja, anasema, "Basi." Wanalala. Alidhani mumewe hamsikilizi. Lakini mtu asiyesikiliza asingeguna pale pale panapostahili.

Alichungulia muda mrefu. Askari mlangoni alimaliza karanga zake.

"Sasa nikwambie mambo mawili, uchague," fundi alisema Bi Kimya alipoketi tena. "La kwanza. Naweza kuiziba. Namimina chuma cha moto humu ndani mpaka isiweze kupiga tena milele. Ikishazibwa si bunduki, ni pambo. Polisi hawatakudai kitu. Unaitundika ukutani, ni yako mpaka siku yako. Bei yake ni sifuri, lakini haiondoki."

"Hilo ndilo!" seremala akaruka. "Sebuleni, dada, juu ya redio! Na ile vanishi, watu wataona..." Akakutana na jicho la dada yake. "Nimesema tu."

"La pili?"

"La pili, yuko msimamizi wa shamba moja la mahindi, ana leseni, nguruwe wamemtia wazimu. Anatafuta bunduki ya kazi. Yeye haulizi weusi wala weupe, anauliza kama inapiga. Kwake naandika ng'ombe wawili, na mmoja awe amekonda. Lakini itaondoka, shemeji. Utaisikia kwa watu."

Bi Kimya alifikiri. Seremala alimjua dada yake kwa kuzungumza, hakujua afanye nini anapofikiri, basi akainama kuitafuta penseli yake chini ya meza.

"Ukiiziba," alisema mwishowe, "hicho chuma cha moto kinapita humo humo nilimotazama?"

"Humo humo. Ndiyo kuziba kwenyewe."

"Basi hapana." Akasimama, akajifunga vizuri kitenge. "Nje nimekwisha kumfuta mimi. Ndani sitakubali afutwe. Mwandikie huyo wa mahindi."

Msimamizi alikuja wiki iliyofuata, mtu wa makamo mwenye matope kwenye viatu, akamwamkia Bi Kimya kwa kuinama. Askari akaja na mhuri wake. Hati ikasomwa, ikatiwa saini, na fedha akazipokea seremala, maana dada yake hakutaka kuzishika pale dukani. Kila kitu kilikwisha upesi. Msimamizi alikuwa ameshalikunja lile blanketi aliposita na kuuliza, si kwa fundi, bali kwa mjane.

"Mama, samahani. Kila bunduki ina tabia yake. Hii ina tabia gani?"

Bi Kimya alitaka kusema mimi najua nini habari za bunduki, mimi ni mfuaji. Lakini mdomo ulikwisha kufunguka, na yakaanza kutoka.

"Ikiwa baridi, risasi ya kwanza inakwenda juu kidogo. Usiigombeze. Ya pili inatulia. Komeo lake linapenda kuvutwa lote, usilivute nusu kama mtu mwenye haraka ya kwenda sokoni, litakukwama. Wakati wa mvua ibebe mdomo ukitazama chini. Bega lako ni la namna gani? Geuka nikuone. Basi itakuuma wiki ya kwanza, weka kitambaa kilichokunjwa, mzee wangu aliweka, alinificha lakini nguo zake si nilikuwa nazifua mimi? Kufyatua, usivute, bana taratibu, kama unakamua jipu la mtoto. Na jua likiwa mbele yako, acha nguruwe apite. Atarudi. Wanarudi siku zote."

Aliendelea. Yale maneno yasiyojaza kiganja, ya kila siku, ya mwaka hadi mwaka, yaliyosemwa mlangoni na kando ya taa, kumbe yote alikuwa ameyaweka. Fundi aliegemea meza yake, akamwacha aseme.

"Na ukikosa," alimalizia, "usije ukasema ni bunduki. Si bunduki, ni wewe."

Msimamizi alitabasamu. "Mzee ndivyo alivyokuwa akisema?"

"Mzee?" Bi Kimya akashika kiuno. "Mzee kila akikosa alisema ni bunduki! Anakuja hapo mlangoni, uso umemvimba, 'Bunduki hii imezeeka.' Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, baba fulani, mwachie mzee mwenzio jina lake, umekosa wewe."

Fundi alicheka mpaka miwani ikamruka. Seremala alicheka, askari alicheka na mhuri wake mkononi, na Bi Kimya mwenyewe akacheka hadi akafuta macho kwa pindo la kitenge. Tangu azikwe, mumewe alikuwa akisemwa kwa sifa tu, kama watu wanavyosemwa wakishaondoka. Leo alimsengenya kidogo, kama mtu aliyeko kazini na atakayerudi.

"Nami nikikwama, mama, nikuulize?" msimamizi aliuliza, mzigo ukiwa begani.

"Uliza, mwanangu. Mimi kusema hakujawahi kunichosha."